Tunacheka Dakika Tano, Tunachoka ya Sita

Kijana wa Bariadi mwenye simu na bando la siku moja hukutana na mzaha wa filamu kabla hajaiona filamu yenyewe. Kipande ni cha dakika tatu. Honi inalia, mlinzi anatoka kibandani, anafungua geti, gari linaingia taratibu, tajiri anashuka, anafunga mlango, anavua miwani, anaitazama nyumba yake kana kwamba haijui, anavaa miwani tena, na muda wote huo kinanda kinaomboleza ingawa hakuna aliyekufa. Kijana anacheka. Mjomba wake anacheka kwa nguvu zaidi, maana yeye alikesha na filamu hizo zikiwa bado kwenye CD, na geti la namna hiyo amelisubiri lifunguke usiku mwingi.

Filamu na vipande vinavyoiga kwa mzaha sinema za zamani zilizotengenezwa kwa fedha ndogo, je, vinasimama vyenyewe kama vichekesho? Au vinakopa kicheko kwenye kumbukumbu zetu, na kumbukumbu ikiisha navyo vinakwisha? Ukizipanga pamoja kazi za Tanzania, za Uganda na za Marekani, jibu linaanza kuonekana. Mzaha wa namna hii unafaulu unapocheka ndoto ya filamu ya zamani, yaani kile ilichotamani kuwa. Unapocheka ufukara wake, unakufa mapema.

Simiyu, anakotoka kijana yule wa Bariadi, ni mkoa mchanga. Ulizaliwa mwaka 2012 kwa kumega Shinyanga, na Busega ikatoka upande wa Mwanza. Lakini elimu ya sinema ya watu wake ina umri mkubwa kuliko mkoa. Watu wa Bariadi, Maswa, Mwanhuzi na Lamadi walijifunza kutazama ndani ya mabanda ya video: televisheni moja juu ya meza, deki, mabenchi, jenereta inayonguruma nje, na madirisha yaliyozibwa ili mwanga usiingie. Fedha za pamba zilipoingia mikononi, banda lilijaa. Filamu zilikuwa za Hong Kong, India, Marekani na baadaye Nigeria, na nyingi zilikuja na sauti ya mtu mwingine juu yake. Derek Mukandala, aliyejulikana nchi nzima kwa jina la Lufufu, alisimulia filamu kwa Kiswahili ana kwa ana mbele ya watazamaji, kisha akauza kanda zenye sauti yake. Hakutafsiri neno kwa neno. Alieleza, aliongeza, alimtania mhusika, aliyavuta mambo ya mbali yakawa ya hapa. Kenya wana DJ Afro, na Uganda wana kundi zima la wasimulizi kama VJ Jingo anayetumia Kiganda.

Jambo hili lina uzito mkubwa katika hoja yetu. Mtazamaji wa huku alizoea tangu mwanzo kupokea filamu pamoja na mtu anayeizungumzia. Alikuwa akiogopa pamoja na steringi na wakati huohuo akicheka pamoja na msimulizi, na hakuona ugumu wowote kufanya yote mawili. Mwaka 2002 Mmarekani Steve Oedekerk alitoa Kung Pow: alichukua filamu ya Hong Kong ya mwaka 1976, akajiingiza mwenyewe ndani yake kwa kompyuta, akabadilisha maneno ya kila mtu. Kwa wenzake lilikuwa wazo la kichaa. Mtu aliyelelewa na kanda za Lufufu angeliona jambo la kawaida, na huenda angeuliza kwa nini msimulizi huyu hana huruma na wapiganaji wake.

Kisha zikaja filamu zetu wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Mussa Banzi alitoa Nsyuka, hadithi ya mzimu. Kundi la Kaole lilikuwa limeshawalea waigizaji kwenye tamthilia za ITV, na mmoja wao alikuwa Steven Kanumba, aliyezaliwa Shinyanga mwaka 1984, enzi ambazo Bariadi ilikuwa wilaya ya mkoa huohuo. Mwaka 2006 alionekana katika Dar 2 Lagos, na baadaye katika Devil Kingdom alicheza na Ramsey Nouah wa Nigeria. Kampuni ya Steps Entertainment ilizifikisha CD za Bongo Movie, kama filamu hizo zilivyoitwa, mbali na Dar es Salaam, hadi kwenye maduka ya miji midogo. Zilipigwa picha kwa siku chache, mara nyingi kwa kamera moja, kwenye nyumba na magari ya kuazima, na hadithi moja ikakatwa kuwa sehemu ya kwanza na ya pili ili iuzwe mara mbili.

Karibu kila alama tunayoicheka leo ina sababu yake ya kifedha, na anayetaka kuiga vizuri lazima azijue sababu hizo. Geti linafunguliwa polepole kwa sababu sehemu ya pili inatakiwa ijae. Muziki unapigwa kwa sauti kubwa kwa sababu maikrofoni imenasa pikipiki ya jirani. Mazungumzo ya simu ni marefu kwa sababu mtu wa upande wa pili hahitaji kulipwa wala kutafutiwa mahali pa kupigiwa picha. Mzimu umepakwa poda kwa sababu poda ipo dukani. Kichwa cha filamu ni cha Kiingereza na maandishi ya chini ni ya Kiingereza chenye makosa kwa sababu mtayarishaji aliona Wanigeria wakiuza nje, naye akataka soko hilo. Hata ile dripu iliyobandikwa kwa plasta juu ya shati la mgonjwa inasema kwamba hapakuwa na nesi kwenye upigaji picha wala muda wa kumtafuta.

Sasa litazame tena geti. Ndani yake kuna mambo mawili. Kuna ufukara, yaani dakika zilizoongezwa ili kujaza CD. Na kuna ndoto: mtu aliyetoka chini amefika mahali ambapo mwingine anamfungulia geti, na anataka ulimwengu umtazame akipita. Kipande cha mzaha kinachorefusha geti tu, mlinzi akichukua dakika nzima na funguo, kinapata kicheko kimoja. Kipande kinachomwonyesha tajiri akirudi nje ili aingie upya kwa kuwa mke wa jirani hakumwona mara ya kwanza kinapata cha pili, cha tatu na cha nne, kwa sababu kimeigusa tamaa ambayo sote tunaijua. Hapo mzaha umeanza kuwa komedi, na hata asiyeijua Bongo Movie atacheka.

Kosa la bahati mbaya na kosa la makusudi ni vitu viwili tofauti, na waigaji wengi wanaanguka hapa. Mwigizaji wa zamani aliyesahau maneno na kumtazama mwongozaji kwa hofu alichekesha kwa sababu alikuwa anajitahidi kwa dhati. Mwigizaji wa leo anayejifanya amesahau hajitahidi chochote, na jicho la mtazamaji linalijua hilo mara moja. Filamu ya Marekani The Lost Skeleton of Cadavra ya Larry Blamire, yenye picha nyeusi na nyeupe kuiga sinema za sayansi za miaka ya 1950, ina mapenzi ya kweli kwa kile inachokiiga, na nusu yake ya kwanza inafurahisha. Baadaye inachosha, kwa sababu kila mhusika anazungumza vibaya kwa namna ileile na hakuna anayetaka kitu cha kutufanya tumfuate. Mwaka 2007 Quentin Tarantino na Robert Rodriguez walitoa Grindhouse, filamu mbili kwa tiketi moja, zaidi ya saa tatu, zikiwa na mikwaruzo ya kubuni na hata kipande cha filamu kilichodaiwa kupotea. Ilitumia mamilioni mengi ya dola kuigiza umaskini, na kumbi za Marekani hazikurudisha fedha hizo. Watu hawakuona sababu ya kulipia mikwaruzo.

Black Dynamite ya mwaka 2009 ilichukua njia nyingine. Inaiga filamu za kibabe za Wamarekani weusi za miaka ya 1970. Maikrofoni inashuka hadi kwenye kichwa cha steringi akiwa anahutubia. Michael Jai White anaitupia jicho, kisha anaendelea kuzungumza kwa ukali uleule. Kicheko hakitoki kwenye maikrofoni. Kinatoka kwa mtu anayekataa kabisa heshima yake ipungue. Na White ni mpigaji kweli. Akirusha teke, ni teke. Unaweza kumcheka na kumshangilia katika sekunde moja, kama tulivyofanya mbele ya kanda za Lufufu.

Mfano bora wa Afrika Mashariki uko Wakaliga, mtaa wa Kampala, ambako Isaac Nabwana alitengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 kwa fedha zinazotajwa kuwa chini ya dola 200. Nabwana alikua akisikiliza kaka yake akimsimulia filamu ambazo yeye hakuwa ameziona. Bunduki za filamu zake zilichongwa na kuungwa kwa mabaki ya vyuma na mbao. Damu ilikuwa ya ng'ombe mwanzoni, hadi mwigizaji mmoja alipougua, ndipo wakahamia kwenye rangi ya chakula. Helikopta zilichorwa kwenye kompyuta aliyoiunganisha mwenyewe, na zinapoishambulia Kampala majengo yanalipuka kwa moto ambao mtoto yeyote anaona ni wa kuchorwa. Juu ya vyote hivyo anapaza sauti VJ Emmie: anawasifu makomando, anaahidi makubwa zaidi, anamcheka mtu anayekufa vibaya, anamhakikishia mtazamaji kwamba yuko mbele ya sinema kubwa kabisa.

Je, huo ni mzaha wa filamu za bei rahisi, au ni filamu ya bei rahisi yenyewe? Ni vyote viwili, na hilo ndilo linaloifanya ifaulu pale wengi walipokwama. Waigizaji wanacheza kwa dhati. Walijifunza mateke kwa jasho na wanayarusha kwa jasho. Kicheko amekabidhiwa mtu mmoja, msimulizi, naye yuko upande wa filamu. Hata anapomkejeli komando, unasikia kwamba anataka komando ashinde. Kwa mgawanyo huo hakuna anayelazimika kuigiza vibaya kwa makusudi. Inasikitisha kwamba toleo lisilo na sauti ya VJ limepotea, kwa kuwa Nabwana alihitaji nafasi kwenye kompyuta kwa kazi iliyofuata. Lililobaki duniani ni lile lenye mzaha juu yake. Filamu yake Bad Black ilishinda tuzo ya watazamaji kwenye tamasha la Fantastic Fest, Texas, mwaka 2016, na wakati huo tayari alijua dunia inamcheka na kumpenda. Hakupotoka. Chini ya milipuko aliweka hadithi ya watoto wa mtaani wanaotafuta chakula, na hadithi hiyo ndiyo inayobeba filamu.

Wasukuma, watu wa huku kwetu Simiyu, wana kipimo chao cha dhihaka, na nashangaa hakitumiki zaidi tunapozungumzia vichekesho. Baada ya mavuno, vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu hukutana uwanjani, vikundi viwili vikicheza kwa wakati mmoja, kila kimoja na manju wake, kila kimoja na nyimbo za kumshusha mpinzani. Mshindi huamuliwa na watu wenyewe kwa miguu yao: upande utakaovuta umati mkubwa ndio ulioshinda. Maneno makali yanaruhusiwa na yanatarajiwa. Lakini umati hauhami kwa ajili ya matusi. Unahama kwa ajili ya ngoma, na manju anayekejeli mchezo wa mwenzake lazima wachezaji wake wacheze vizuri zaidi mbele ya macho yaleyale.

Wakipimwa hivyo, wachekeshaji Joti, Masanja, Mpoki na wenzao walioanza na Ze Comedy ya EATV, kisha wakahamia TBC1 kwa jina la Orijino Komedi, walistahili umati waliouvuta. Walipoiga video ya msanii, mavazi yalikuwa ya ovyo lakini hatua zilikuwa zimefanyiwa mazoezi, na mahali wimbo ulipodai mtu ajirushe walijirusha. Vipande vingi vya siku hizi vinavyoiga Bongo Movie vinaanguka kwenye kipimo hiki. Mwigaji amevaa shuka jekundu na kujiita mganga, lakini hajawahi kumtazama kwa makini mwigizaji wa mganga, jinsi anavyonyamaza kabla ya kujibu, jinsi anavyompa mteja nafasi ya kuogopa. Shuka linachekesha kwa sekunde kumi tu.

Kuna kasoro nyingine inayotugusa moja kwa moja watu wa Simiyu. Katika vichekesho vingi vinavyoiga filamu za zamani, mshamba ni Msukuma. Anafika mjini na baiskeli na redio, anasema kwa lafudhi nzito, anashangaa lifti. Utani si tatizo. Wasukuma hutaniana na wengine na hutaniwa, na kuanzia mwaka 2015 hadi 2021 lafudhi hiyohiyo ilisikika Ikulu. Tatizo ni uvivu. Filamu ya zamani ilimtumia mshamba kwa sababu ilihitaji mtu wa kudanganywa na mwanamke wa mjini katika sehemu ya kwanza na kulipiza katika sehemu ya pili. Mwigaji anachukua lafudhi, anaacha kisasi, na kinachobaki ni kucheka namna mtu anavyotamka. Mtazamaji wa Itilima, hapa Simiyu, anaijua lafudhi hiyo kuwa ni sauti ya nyumbani kwake, haimwambii jipya lolote. Angecheka kama Msukuma huyo, Mnyantuzu wa huku kwetu, angepewa nafasi ya tajiri wa geti, awe na ng'ombe wengi kuliko mwenye nyumba na ajue kabisa thamani yao, huku filamu nzima ikiendelea kumwona fukara.

Kanumba aliyapitia haya akiwa hai. Kiingereza chake alipotembelea jumba la Big Brother Africa mwaka 2009 kilimfanya achekwe na Watanzania wenzake kwa muda mrefu. Hicho kilikuwa kicheko cha ufukara, kumcheka mtu kwa lugha ambayo si yake, na hakuna kichekesho kizuri kilichozaliwa humo. Alipofariki Aprili 2012, maelfu ya watu waliomzika Kinondoni walikuwa wanamlilia mtu aliyetaka kuzivusha filamu zetu mpaka. Ndoto hiyo, ya kijana wa Shinyanga aliyetaka kusimama na nyota wa Lagos na kuheshimiwa, ina vichekesho vya kutosha ndani yake kwa yeyote atakayeandika akimpenda.

Kuhusu urefu sina mengi. Mwigo mtupu unaishi dakika tano, pengine chini ya hapo, na simu imewafaa waigaji kwa sababu haiwadai zaidi. Filamu ya saa moja na nusu inadai hadithi. Airplane! ya mwaka 1980 inajulikana kwa kurundika mizaha, lakini watengenezaji wake walinunua haki za Zero Hour!, filamu ya mwaka 1957 kuhusu ndege ambayo marubani wake wanaugua, wakaichukua hadithi yote pamoja na mazungumzo mengi karibu kama yalivyo. Wakawaita waigizaji kama Leslie Nielsen, ambaye hadi wakati huo alifahamika kwa kazi za dhati, na wakawataka wazungumze kwa dhati. Mtazamaji anacheka, na bado anataka kujua kama ndege itatua.

Ziko pia filamu za zamani ambazo haziigiki kwa mzaha hata kidogo. Kazi za King Majuto wa Tanga, pamoja na zile alizocheza na Sharo Milionea, zilikuwa za bei rahisi kama nyingine zote, lakini zilikuwa vichekesho tayari. Anayemwiga Majuto akinuna anaishia kuwa Majuto dhaifu. Mzaha unahitaji mtu aliyekuwa hataki kuchekwa.

Swali la kumbukumbu ndilo linalonisumbua zaidi, kwa sababu linakwenda haraka. Kanda za Lufufu zimeliwa na ukungu, CD za Steps zimekwaruzika, na deki za kuzichezea hazipo. Vijana waliozaliwa baada ya mkoa kuanzishwa wamejifunza geti, mganga na kinanda kutoka kwenye vipande vya wengine, na wanapoiga wanaiga mwigo. Baadhi ya vipande hivyo vitaendelea kuchekesha, vile ambavyo tangu mwanzo vilikuwa na mtu mwenye tamaa ndani yake. Vingine vimeshaanza kuonekana kwa mtazamaji mdogo kama mchezo wa watu wazima wasiojua kushika kamera.

Ninachokisubiri ni filamu nzima, iliyopigwa kati ya Bariadi na Lamadi, yenye steringi Mnyantuzu anayeamini kwa moyo wake wote kwamba yeye ndiye komando aliyemwona bandani akiwa mtoto, na msimulizi anayechanganya Kiswahili na Kisukuma juu yake, anayemtania na kumwombea ashinde. Simu za leo zinapiga picha safi kuliko kamera iliyopiga Nsyuka. Kwa hiyo picha mbovu na sauti mbovu hazitakuwepo za kujifichia, na atakayeiandika filamu hiyo itambidi achekeshe kwa hadithi.